Okteni ni nini hasa, na kwa nini gari ya tabo haili kila wese

Kuna jamaa yangu wa Kijenge, hapa Arusha, kanunua Subaru Impreza WRX, ile ya tabo (turbo, feni inayosukuma hewa ya ziada kwenye injini), sasa kila akiingia sheli anamuuliza dada wa pampu "ile kali ipo?", yani petroli ya okteni kubwa. Hiyo "kali" ndo inapotosha watu. Wengi wanaichukulia okteni kama mbege na gongo, kwamba namba ikipanda na nguvu inapanda, ukijaza gari inapaa. Wala. Lita ya okteni 100 na lita ya okteni 90 zinakaribiana sana kwa nguvu zilizomo ndani yake. Okteni ni kipimo cha uvumilivu tu, yani petroli inastahimili kubanwa na joto kiasi gani kabla haijajiwakia yenyewe bila kusubiri cheche ya plagi.

Namba ilitoka maabara. Walichukua vimiminika viwili: isooktani inavumilia sana, ikapewa 100, heptani inajilipukia upesi, ikapewa 0. Petroli ya 95 ni ile inayovumilia sawasawa na mchanganyiko wa 95 kwa 5 wa hivyo viwili. Basi.

Ndani ya injini iko hivi: pistoni inapanda inabana hewa na mafuta, plagi inachoma kabla kidogo pistoni haijafika juu, moto unaanza kutembea kutoka kwenye plagi kwenda pembeni, na huo moto unachukua muda, sasa wakati unatembea ule mchanganyiko uliobaki pembeni unazidi kubanwa unazidi kuchemka, ukishindwa kuvumilia unalipuka wote kwa mpigo. Unasikia kama kokoto zinatikiswa kwenye kopo. Hiyo ndo noki. Ila tuelewane, maana kwenye gereji zetu fundi akikwambia "injini imenoki" anamaanisha imeshakufa, andaa hela. Mimi naongelea noki ya mafuta, ambayo inaweza kutangulia kabla ya kifo. Ukiiacha iendelee inapasua kingo za pistoni zinazoshika ringi, na Subaru za tabo zina sifa mbaya kwenye hilo, uliza fundi yeyote anayezifungua.

Tabo inaingiaje hapa? Inasukuma hewa nyingi kwa nguvu, na hewa ikibanwa inachemka, kwa hiyo kabla pistoni haijaanza kazi yake tayari umempa petroli mtihani mgumu. Ndo maana injini ya Toyota 1JZ-GTE ya mwanzo ilipewa mbano wa 8.5 kwa 1 (yani pistoni inabana kilichomo mpaka kinabaki sehemu moja ya 8.5), wakati ndugu yake 1JZ-GE isiyo na tabo ana 10 kwa 1. Walishusha huku kwa sababu tabo inaongeza kule.

Sasa kuna hoja naisikia sana Arusha, kwamba tuko juu, hewa nyepesi, kwa hiyo okteni ndogo inatosha. Mtu kaona Colorado kule Marekani wanauza hadi 85. Kwa gari ya kawaida isiyo na tabo hoja ina ukweli, hewa kidogo ndani ya silinda maana yake mbano mdogo. Kwa tabo inageuka. Tanga usawa wa bahari presha ya hewa ni kama 101 kPa (kPa ni kipimo cha presha), Arusha kwenye mita 1,400 ni kama 86. Kontroboksi (kompyuta ya injini) ikiwa inataka 200 kPa kwenye injini, Tanga tabo inazidisha mara 2 hivi, Arusha inabidi izidishe mara 2.3, inazunguka kwa kasi zaidi na inatema hewa ya moto zaidi. Umepanda mlima, petroli yako bado iko kwenye mtihani uleule, pengine mgumu zaidi. Moshi wako chini yetu, afadhali kidogo.

Halafu namba zenyewe hazisomwi sawa kila nchi. Japani, ambako magari yetu mengi yametoka, wanatumia kipimo kinaitwa RON: ya kawaida haipungui 89, na ile wanayoiita haioku haipungui 96. Ule mstari wa Kijapani kwenye kifuniko cha tenki, mpe mtu akutafsirie, ukisema muen puremiamu maana yake haioku. Marekani wanachukua wastani wa vipimo viwili kwa hiyo 91 yao ni kama 95 au 96 ya RON. Watu wanasoma 91 ya Mmarekani wanajaza 91 ya RON, wanajiona wamefuata maelekezo.

Ukijaza ndogo gari haifi siku hiyohiyo. Kuna sensa inasikia noki, kontroboksi inachelewesha cheche, gari inakuwa nzito na inakula mafuta. Shida ni kwamba sensa inasikia noki ikishatokea. Na ukiona jina tamu kwenye bango la sheli usidhani ndo okteni, mengi ni dawa ya kusafisha injekta, si mbaya ila si hiyo. Vile vichupa vya kuongeza okteni navyo, "pointi 5" mara nyingi ni okteni 0.5 tu, soma nyuma ya chupa. Kibaya kuliko vyote ni petroli iliyochanganywa na mafuta ya taa, okteni inaporomoka, kwa hiyo jaza sheli yenye foleni ambako mafuta hayalali.

Yule jamaa nilimwambia aende kwa fundi mwenye skana, waangalie cheche inacheleweshwa kiasi gani akiwa barabarani, ikizidi wapunguze busti (presha inayosukumwa na tabo). Na akitoka uwanja wa ndege wa KIA kupanda Usa River asikanyage mpaka chini akiwa gea ya tano kwenye mzunguko mdogo, hapo ndo noki inapenda kukaa. Ashuke gea ya tatu, injini ipumue.