Kamba Ililegea, Haikukatika: Kufunga Mzigo kwa Fundo Linalokazika

Kabla sijawa mkufunzi wa madereva wa magari makubwa nilikuwa utingo. Safari moja tulipakia mbao mbichi za mipaina Mafinga, tunashuka nazo Dar. Kabla ya kuwasha gari, mzee niliyekuwa namfuata akaniuliza, "Kijana, umefunga?" Nikamjibu, "Nimefunga, mzee. Hizi hazitoki mpaka tufike." Nilikuwa na sababu ya kujiamini. Kila kamba nilikuwa nimeipiga fundo juu ya fundo, nyingine matano, nyingine saba, mpaka ncha ikaisha.

Tukaanza kuteremka mlima Kitonga. Kwenye kona moja lori lililotutangulia likasimama ghafla, mzee akakanyaga breki, nami nikasikia nyuma ya kisogo mbao zikiburuzana. Safu ya juu ilikuwa imesogea mbele na kutokeza juu ya kabini. Bahati hakuna aliyeumia. Tuliposhuka kukagua tukakuta kamba zote nzima, na mafundo yangu yamekaa vilevile nilivyoyaacha. Kilichoondoka ni mkazo. Ungeweza kupitisha mkono mpaka kiwiko chini ya kamba ile. Tukataka kukaza upya, mafundo yakagoma kufunguka, ikabidi tuyakate kwa panga, tuunge vipande na tufunge tena kwa kubahatisha. Mzee hakunigombeza. Alisema tu, "Umefunga kamba, hukufunga mzigo," akarudi kwenye usukani.

Nimeanza na aibu yangu mwenyewe kwa sababu kosa lile bado naliona kila nikisimama kwenye maegesho ya malori. Tunapima ufungaji kwa wingi wa mafundo, na hakuna anayeuliza kamba imekazwa kiasi gani.

Kamba inayopita juu ya mzigo, kutoka upande mmoja wa bodi (ile sehemu ya gari ya kubebea mzigo) hadi mwingine, haiushiki mzigo kama mkono unavyoshika kikombe. Inaukandamiza kwenye sakafu ya gari. Kinachouzuia usiteleze ni msuguano kati ya mzigo na sakafu, na kati ya safu na safu. Kamba ikilegea, ukandamizaji umekwisha, hata kama fundo lake halitafunguka mpaka mwaka kesho.

Hesabu yake haina ugumu. Kanuni za kufunga mizigo zinazofuatwa Ulaya na Marekani zinataka mzigo uweze kustahimili msukumo wa kwenda mbele sawa na asilimia 80 ya uzito wake, na asilimia 50 kwa pembeni na kwa nyuma. Basi chukua tani moja ya mbao. Ukifunga breki za dharura, mbao hizo zinasukuma kwenda mbele kwa kilo 800. Msuguano wa mbao kwa mbao tuukadirie asilimia 40, maana yake uzito wa mbao zenyewe unazuia kilo 400. Zimebaki kilo 400 ambazo hazina wa kuzizuia. Ukitaka msuguano peke yake uzimudu, inabidi kamba zako zikandamize kwa kilo 1,000 za ziada, maana asilimia 40 ya 1,000 ndiyo hizo 400.

Mtu mwenye nguvu zake akivuta kamba kwa mikono tuseme anapata kilo 30 au 40. Fundo zuri likimpandisha hadi 60, kamba moja inakandamiza pande mbili, jumla kilo 120, na hapo sijatoa kinachopotea pale kamba inapokunja kwenye kona za mzigo. Gawanya 1,000 kwa 120. Unahitaji kamba 9 kwa kila tani moja! Lori letu siku ile lilikuwa na kamba 6 kwa mzigo wote.

Ndiyo maana somo la mafundo chuoni kwetu hatulianzii kwenye fundo. Tunaanza na ufagio. Mchanga, mafuta na vumbi la mbao kwenye sakafu ya bodi hufanya kazi kama magurudumu madogo, na msuguano unashuka kabla hujapakia hata ubao mmoja. Ukishafagia, panga mzigo uguse ukuta wa mbele wa bodi, usiache nafasi. Mzigo uliogusana na ukuta hauna mahali pa kukimbilia breki zikishika, lakini ule ulioachiwa hata nusu mita unakuja na kasi yake kuugonga. Wala usipandishe safu juu kuliko ukuta huo kama unachotegemea ni kamba za mkono. Safu yetu iliyochomoka ilikuwa juu ya ukuta. Zile za chini hazikusogea.

Vyuma, mashine na magogo visifungwe kwa kamba hata kidogo. Hiyo ni kazi ya minyororo, au ile mikanda mipana yenye mkono wa kukazia, na iwe mizima, si iliyoungwaungwa. Kamba ni ya samani, magodoro, magunia, mbao zilizo ndani ya kuta za bodi, mabomba mepesi na turubai. Hata huko, angalia jinsi kamba ilivyosimama. Ikishuka wima kutoka kwenye mzigo kwenda kwenye ndoano, mkazo wake wote unakandamiza. Ikilala, ikawa imeinuka nyuzi 30 tu kutoka sakafuni, nusu ya nguvu yako inapotea.

Kamba inalegeaje, ilhali umeifunga ngumu? Kwanza mzigo wenyewe unashuka. Magunia ya mahindi yakipita matuta matatu, punje zinajipanga upya na gunia linapungua kimo. Mbao zinakaa vizuri zaidi, magodoro yanabonyea. Kimo kikipungua sentimita mbili tu, kamba ambayo hainyumbuki imeshakuwa urembo.

Halafu kuna kamba yenyewe. Kamba ya katani, ya mmea ulioletwa na Mjerumani Richard Hindorf mwaka 1893 na kuijengea Tanga jina lake, haivutiki sana na inajing'ata vizuri kwenye fundo. Ila ikilowa inafupika, ikikauka inarudi urefu wake. Ukiifunga ikiwa imelowa ukungu wa asubuhi Mafinga, ukafika nayo kwenye joto la Ruaha Mbuyuni, umejilegezea mwenyewe bila kushika kitu. Kamba za nailoni zina tabia nyingine: ni imara, lakini zinavutika, na zikilowa zinapoteza sehemu ya nguvu. Zile za plastiki za rangi rangi zinazouzwa kwa bei ndogo kila duka la vifaa, ambazo wengi tunaziita manila, zinateleza kwenye fundo na jua linazila. Ukiikunja ikamwaga unga unga mkononi, ifanye ya kuanikia nguo.

Kwa hiyo tunahitaji fundo la namna gani? Linalozidisha nguvu ya mkono, lisiloteleza, na ambalo utingo aliyechoka anaweza kulifungua gizani kwa sekunde chache ili alikaze upya. Mabaharia wa majahazi wanalijua jambo hili kuliko sisi wa barabarani. Hakuna anayetaka kutafuta kisu ili ateremshe tanga wakati upepo umeshachafuka.

Darasani naliita fundo la kapi, kwa sababu ndani yake kitanzi cha kamba kinafanya kazi ya kapi, lile gurudumu la kupandishia vitu.

Anzia upande wa kushoto wa gari. Zungusha ncha kwenye ndoano ya bodi mara mbili nzima kabla ya kufunga chochote. Mizunguko hiyo ndiyo inayobeba mkazo. Kamba ikijisugua kwenye chuma, kinachofika kwenye fundo ni kidogo sana. Malizia kwa nusu fundo mbili, yaani pitisha ncha kuizunguka kamba iliyokazwa na uichomoze kwenye tundu lake, kisha rudia. Basi. La tatu halina kazi.

Rusha kamba juu ya mzigo, zunguka upande wa kulia. Sasa kamba inaning'inia mbele yako. Kwenye usawa wa kifua, isokote iwe duara dogo. Shika sehemu ya kamba iliyo chini ya duara, ile inayoelekea kwenye ncha huru, ikunje na uipenyeze ndani ya duara ili itokeze kama sikio la sungura, kisha ubane. Umepata kitanzi. Hapa ndipo wanafunzi wengi wanapokosea. Wanachukua sikio kutoka upande wa juu, unaotoka kwenye mzigo, na wakivuta, kitanzi kinajifunga kama mtego wa kware. Sikio litoke chini.

Ncha huru ipitishe chini ya ndoano ya bodi, ipandishe, iingize kwenye kitanzi, kisha ivute kuelekea chini kwa uzito wa mwili wako, si kwa mikono peke yake. Utaona kamba ya juu ya mzigo inaingia kwenye magunia. Kwa nadharia nguvu yako imezidishwa mara 3. Kwa kweli kamba inayojisugua juu ya kamba inakula sehemu kubwa, na mara nyingi hupati hata mara mbili. Hata hivyo ni zaidi ya ulichokuwa nacho. Usivute kwa pupa kama kamba ni ya plastiki au nailoni: joto la msuguano linaweza kuiyeyusha pale inapopita kwenye kitanzi, na safari ijayo itakatikia hapohapo. Ndiyo maana pia kitanzi kisifungwe kila siku mahali pamoja.

Ukishafika mwisho wa nguvu, bana kwa vidole viwili pale ncha inapotoka kwenye kitanzi. Mkono mwingine upige nusu fundo chini ya kitanzi, lakini badala ya kupitisha ncha yote, pitisha mkunjo wake, kama unavyofunga kamba za viatu. Ongeza moja la kufungia ule mkunjo. Ncha inayobaki ichomeke, isipeperuke.

Kila fundo, hata hili, linaidhoofisha kamba, kwa kuwa pale inapokunjwa nyuzi za nje zinabeba zaidi ya za ndani. Kadiria kwamba umepoteza theluthi moja hadi nusu ya nguvu iliyoandikwa dukani. Kuunga kamba mbili katikati ya mzigo ni kujiongezea sehemu dhaifu, hasa kwa lile fundo bapa la kulia juu ya kushoto ambalo skauti hujifunza mapema. Ni zuri kwa kufungia bandeji au furushi la nguo. Kwenye kamba mbili zinazovutana na kutikiswa, hasa zisizolingana unene, linajigeuza na kuachia. Nunua kamba ndefu. Na inapopita kwenye ukingo wa bati au chuma, weka chini yake kipande cha tairi.

Watu wa bodaboda huniuliza kuhusu ile mipira ya tyubu. Jibu langu halijawahi kuwafurahisha. Mpira hauonekani kulegea, kwa sababu unaufuata mzigo kila unakokwenda, nawe ulitaka mzigo usiende. Kreti ya soda iliyofungwa kwa mpira inacheza kwenye kila shimo, na kwenye kona uzito wake unahama upande usiofaa. Mpira uwe msaidizi juu ya kamba iliyokazwa.

Turudi barabarani. Gari likishaondoka, simama baada ya kilomita chache, kabla hujazoea safari. Sehemu kubwa ya kushuka kwa mzigo hutokea mwanzoni. Kutoka Mafinga, foleni ya mizani ya Wenda ni nafasi ya bure: mizani inapima uzito wa ekseli, mkazo wa kamba zako haiujui, basi upime mwenyewe. Gonga kila kamba kwa kiganja. Iliyokaza inarudisha kiganja, iliyolegea inapokea. Ilula tena, kabla ya Kitonga. Najua pale watu wanashuka kununua nyanya. Zunguka gari kwanza.

Nikimaliza somo uwanjani huwa namwita mwanafunzi mmoja aje kufungua. Anachomoa ule mkunjo, analegeza, anatoa ncha kwenye kitanzi, kisha anavuta. Kitanzi kinapotea chenyewe na kamba inamdondokea miguuni, mita zote 20, haina hata alama. Kila darasa yupo mmoja anayeinama kuipapasa, akitafuta fundo limekwenda wapi.