Mazoezi, ndiyo. Saa ngapi, na wapi?

Mimi ni afisa lishe. Sehemu kubwa ya kazi yangu ni kukaa na watu waliotoka kwa daktari muda si mrefu, wameambiwa presha iko juu au sukari imepanda. Karibu wote ushauri wanaujua kabla sijafungua mdomo: punguza chumvi, punguza sukari, kula mboga, fanya mazoezi, lala vya kutosha. Nikiuliza, "Hayo mazoezi utayafanya saa ngapi, na wapi?" ndipo wanaponitazama tu. Mtu wa Dar es Salaam anaishi Chanika, pembezoni mwa jiji, anafanya kazi Posta, katikati ya jiji, anatoka nyumbani saa kumi na moja alfajiri na kurudi saa mbili usiku. Ameambiwa afanye mazoezi, lakini hakuna aliyekaa naye kuitazama siku yake na kuona nafasi iko wapi.

Nia watu wanayo. Kinachowashinda ni kwamba jambo jipya halina wakati wake, kwa hiyo kila siku linaanza upya kutafuta nafasi, na kila siku foleni, wageni na uchovu vinalitangulia. Tabia hushika haraka ikifungwa kwenye kitu ambacho tayari unakifanya bila kujikumbusha: kupiga mswaki, kuswali, kuinjika chai, kushuka kwenye daladala, kufunga duka. Kwa hiyo na mgonjwa wangu tunaanza na siku yake ilivyo. Ananisimulia tangu anapoamka hadi anapolala, mimi naandika. Humo ndimo tunamotafuta pa kushikia.

Jambo hili limewahi kupimwa. Phillippa Lally na wenzake wa University College London walifuatilia watu 96 kwa wiki 12, wakachapisha matokeo mwaka 2010. Kila mmoja alichagua kitu kimoja kidogo, kama kunywa glasi ya maji au kutembea, akakiunganisha na wakati fulani, mfano baada ya kifungua kinywa. Kwa kawaida zilipita siku 66 hivi mpaka kitu hicho kikawa kinajiendea chenyewe. Tofauti kati ya mtu na mtu ilikuwa kubwa sana, kuanzia siku 18 hadi makadirio ya siku 254. Kwa hiyo lile dai linalosambazwa kwenye magrupu, kwamba tabia hushika kwa siku 21, lisikuvunje moyo ukifika siku ya 22 bado unajilazimisha. Mambo ya kula na kunywa yaliwahi kushika, mazoezi yalichelewa. Na kuruka siku moja hakukuharibu kazi iliyokwisha kufanyika.

Nianze na mwendo, kwa kuwa ndio unaolalamikiwa zaidi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima apate angalau dakika 150 kwa wiki za mwendo wa kuhemesha kidogo, ule ambao bado unaweza kuongea lakini huwezi kuimba. Ukizigawa kwa siku saba ni dakika 22 hivi kwa siku. Mwongozo wa mwaka 2020 uliondoa sharti la zamani kwamba kila kipande kifike dakika kumi, na kwa watu wa mji huu hiyo ni habari njema sana. Dakika nne za kupanda ngazi ofisini zinahesabiwa. Sita za kwenda kula mchana kwa mama ntilie wa mtaa wa pili badala ya huyu wa mlangoni zinahesabiwa pia.

Kuna utafiti mmoja ambao abiria yeyote wa daladala ataupenda. Mwaka 1953 Jeremy Morris na wenzake walitoa matokeo yao kuhusu wafanyakazi wa mabasi ya ghorofa ya London. Madereva walikaa zamu nzima, makondakta walipanda na kushuka ngazi kukata tiketi, na waliougua moyo kwa wingi walikuwa madereva. Baadaye Morris mwenyewe alionyesha, kwa kuangalia vipimo vya sare, kwamba madereva walikuwa na viuno vikubwa tangu mwanzo, kwa hiyo ngazi peke yake hazielezi kila kitu. Hata hivyo tafiti nyingi zilizofuata zimeunga mkono kiini chake. Ninachokipenda ni kwamba wale makondakta hawakutenga muda wa mazoezi. Mwendo wao ulikuwa ndani ya kazi.

Kwa hiyo kama unapanda basi la mwendokasi la Kimara, shuka kituo kimoja kabla ya chako. Barabara ya Morogoro ina njia ya waenda kwa miguu na utatembea kwa amani. Barabara nyingine hazina hiyo nafasi, bodaboda zinapita hapo hapo unapokanyaga, na sitamlazimisha mtu. Wala simshauri dada anayefika Gongo la Mboto usiku ashuke kituo cha nyuma akatembee gizani. Mwendo wake auhamishie mchana, au asubuhi kabla jua halijawa kali. Kati ya Desemba na Machi, joto la Dar na ule unyevu wake vinachosha upesi, kwa hiyo kutembea saa saba mchana simpangii mtu mwenye presha. Na ukibanwa na kifua au kukosa pumzi kwa mwendo mdogo, kamwone daktari kwanza.

Jogging za Jumamosi nazipenda kwa moyo wote: nyimbo, fulana za klabu, watu wa mtaa mmoja kujuana kwa majina. Nazihesabu kama nyongeza. Jumatatu hadi Ijumaa nako kunahitaji kitu.

Sasa chumvi, na hapa nitakaa kidogo, kwa sababu ndipo nionapo mabadiliko ya kweli kwa gharama isiyofika shilingi. Kiwango kinachoshauriwa ni chini ya gramu 5 kwa mtu mzima kwa siku, kama kijiko kimoja cha chai kilichosawazishwa. Ukimwambia mama wa nyumba apime gramu 5 kwa kila mtu, umemwongezea kazi asiyoiweza, maana sufuria ni moja na watu ni watano au saba. Badala yake namwomba jambo moja: siku unayofungua pakiti ya chumvi, andika tarehe juu yake kwa kalamu. Basi. Hesabu inakuja baadaye. Watu wazima watano kwa gramu 5 ni gramu 25 kwa siku, kwa hiyo pakiti ya nusu kilo haitakiwi kuisha kabla ya siku 20. Kwa kweli inatakiwa ifike mbali zaidi, kwa kuwa mkate, chipsi za jioni, dagaa waliokaushwa kwa chumvi na vile viungo vya pakiti vinaleta chumvi yao, na watoto wanahitaji kidogo kuliko wakubwa. Akina mama wanaorudi na tarehe zao hawahitaji tena hotuba yangu. Wameona wenyewe pakiti ya nusu kilo imekwisha kwa siku tisa.

Kutoka hapo tunatafuta pa kupunguzia. Wengi hutia chumvi kwa kuchota na vidole, na vidole huchota zaidi mtu akiwa na haraka. Weka kijiko kidogo ndani ya kopo na kisitoke humo. Chumvi isikae mezani. Kwenye supu ya asubuhi, pale kibandani ambapo bakuli la chumvi, pilipili na ndimu viko pamoja, mkono wako uanze na ndimu, kisha uonje. Wiki mbili tatu za kwanza chakula kitaonekana kimepooza, halafu ulimi unazoea, na ukila tena kile cha zamani utakiona kikali. Tangawizi, kitunguu saumu na ndimu vinasaidia sana katika kipindi hicho. Chumvi unayobaki nayo iwe yenye madini joto. Kuna watu wakisikia "punguza" wanakimbilia chumvi ya mawe isiyojulikana ilikotoka, na hapo wanakosa kinga ya goita.

Sukari inafuata njia hiyo hiyo. Chai tatu kwa siku zenye vijiko vitatu kila moja ni vijiko tisa, kama gramu 36, na shabaha nzuri ni vijiko sita kwa siku nzima. Soda moja ya mililita 350 peke yake aghalabu inapita gramu 30. Punguza nusu kijiko, kaa hapo wiki mbili, kisha nusu nyingine. Anayeacha ghafla nimemwona akirudi ghafla.

Usingizi ndio unaoniumiza zaidi katika mji huu. Mtu mzima anahitaji saa saba au zaidi. Ukiamka saa kumi na nusu ili uiwahi foleni, saa saba zinakutaka uwe umelala saa tatu na nusu usiku, na kwa wengi wakati huo ndipo sufuria ya wali inapoinjikwa. Namuuliza mtu: ni jambo gani la jioni linaweza kufanyika mchana au wikiendi? Maharage yachemshwe Jumapili yagawiwe, nguo za shule zipigwe pasi kwa mkupuo. Simu ichajiwe sebuleni, na muda wa kuiacha huko uwe ule ule wa kushusha chandarua. Kahawa na chai kali za jioni zinabaki mwilini kwa saa nyingi; chai nzito ya mwisho iwe saa kumi alasiri.

Haya ya kutembea hayamhusu kila mtu. Kuli wa Kariakoo, fundi ujenzi, mama anayezunguka na beseni la matunda kutwa nzima, hao mwendo wanao tele. Kwao natafuta maji, chakula cha mchana kisichorukwa, na dakika kumi za kuinua miguu wakifika nyumbani. Kumpangia mtu huyo jogging ni kutomsikiliza.

Dawa za presha nazo ni tabia kama nyingine. Ziweke kando ya mswaki, mbali na mikono ya watoto, na usiziache kwa sababu umeanza kutembea na vipimo vimependeza. Vimependeza kwa msaada wake pia.

Mwisho kuna misimu. Tabia iliyofungwa kwenye chai ya asubuhi hupotea mwezi wa mfungo, na iliyofungwa kwenye kituo cha daladala hupotea ukienda mkoani Desemba. Itambue hali hiyo mapema uchague pengine pa kuifunga: matembezi yahamie baada ya tarawehe, au kwa aliye kijijini, safari ya asubuhi ya kisimani. Mwenye kisukari anayekusudia kufunga aje kliniki wiki kadhaa kabla ya mfungo, akiwa na dawa zake zote mkononi, tupange saa za dozi upya pamoja na daktari.