Anga za juu si mbali kuliko Bukavu

Nafundisha fizikia hapa Goma, mashariki mwa Kongo, na kila nikigusia roketi watoto huuliza: Mwalimu, mafuta mengi vile ni ya nini? Wengi wanadhani ni kwa sababu anga za juu ziko mbali mno. Haziko mbali. Kwa kipimo kinachotumika sana, zinaanza kilometa 100 juu ya vichwa vyetu. Piga mstari ulionyooka kwenye ramani kutoka Goma hadi Bukavu: ni karibu kilometa hizo hizo. Mtoto aliyevuka Ziwa Kivu kwenda kumsalimia shangazi yake Bukavu ameshasafiri umbali huo.

Kazi ngumu si kufika, ni kubaki huko. Roketi ikipanda wima kilometa 100 kisha ikazima injini, itarudi chini, maana dunia haiachi kuvuta. Hata kilometa 400 juu, wanakoishi wanaanga wa Kituo cha Kimataifa cha Anga, mvutano wa dunia ni karibu sehemu tisa kwa kumi ya huu tunaousikia hapa. Basi mbona hawaanguki? Wanaanguka, watoto wangu, tena kila sekunde!

Hapa twende polepole, kwa sababu ndipo utamu wote ulipo. Isaac Newton aliwaza jiwe linalorushwa mbele kutoka kilele cha mlima mrefu sana. Sisi tusimame juu ya Nyiragongo, tujifanye hakuna hewa wala mlima mwingine wa kulizuia. Ukilirusha jiwe, linakwenda mbele huku likishuka. Katika sekunde ya kwanza linashuka kama meta 5. Lirushe kwa nguvu zaidi, litaangukia Masisi. Ongeza tena, Walikale. Ongeza mara nyingi, Kisangani.

Sasa kumbuka kwamba dunia ni mviringo. Ukienda kilometa 8 mbele, uso wake unakuwa umeinama kama meta 5. Kwa hiyo jiwe linalokwenda kilometa 8 kwa sekunde moja linashuka meta 5, na ardhi nayo imeshuka meta 5 chini yake. Halijaikaribia hata kidogo. Sekunde inayofuata ni vilevile, na nyingine, na nyingine, mpaka linaizunguka dunia nzima. Setilaiti ni hivyo tu: kitu kinachoanguka daima bila kuifikia ardhi. Kwa kasi hiyo, Goma hadi Bukavu ni kama sekunde 13.

Ndiyo maana roketi hupanda wima kwa muda mfupi tu, itoke haraka kwenye hewa nzito, kisha huanza kuinama. Sehemu kubwa ya mafuta yake inakwenda kwenye mbio hizo za pembeni.

Inazipataje? Hata watu wazima wengi wanaamini kwamba moto wa roketi unasukuma ardhi. Kama ingekuwa hivyo, ingekwama mara tu inapoiacha ardhi. Kaa kwenye mtumbwi uliotulia ziwani, bila kasia, ukiwa na rundo la mawe. Tupa jiwe moja kwa nguvu upande wa nyuma: mtumbwi unasogea mbele. Wewe umelisukuma jiwe, na jiwe limekusukuma wewe. Roketi hutupa gesi. Mafuta na oksijeni huungua ndani ya injini, gesi ya moto inatoka nyuma kwa kasi ya kilometa kama 3 kwa sekunde, nayo roketi inasukumwa mbele. Oksijeni inaibeba kwenye tangi lake yenyewe, maana kule juu hakuna hewa ya kuwashia moto.

Shida ni uzito. Mafuta ya mwisho lazima yabebwe na mafuta ya kwanza. Konstantin Tsiolkovsky, mwalimu wa shule kule Urusi, alichapisha hesabu yake mwaka 1903: ukitaka kasi iongezeke kidogo, mafuta yanaongezeka mno. Saturn V, iliyowapeleka watu Mwezini mwaka 1969, ilikuwa na karibu tani 2,900 ilipoondoka. Kilichotumwa kuelekea Mwezi hakikuzidi sana tani 45. Sehemu yake ya chini iliteketeza kama tani 13 kila sekunde, na baada ya dakika mbili na nusu hivi ikatupwa. Roketi hujengwa kwa sehemu zinazoachana ili isibebe matangi matupu.

Kisha huja swali ninalolipenda kuliko yote: kwa nini wasirushie hapa Goma? Dunia inazunguka kuelekea mashariki, na kwenye ikweta kasi hiyo ni karibu kilometa 1,670 kwa saa. Roketi inayoelekea mashariki inaipata bure. Sisi tuko karibu na ikweta kuliko hata Kourou, Guyana ya Ufaransa, ilikoondokea darubini ya James Webb tarehe 25 Desemba 2021. Na nchi yetu imewahi kuona roketi: mwaka 1977 kampuni ya Kijerumani, OTRAG, ilirusha moja ya majaribio kutoka Shaba, yaani jimbo la zamani la Katanga.

Lakini zile sehemu zinazotupwa huangukia mashariki, na mashariki yetu ni Rwanda, Tanzania, Kenya, makazi ya watu. Kourou ina bahari ya Atlantiki upande huo. Waitaliano walipata bahari ya Hindi karibu na Malindi, wakajenga jukwaa la San Marco majini, na tarehe 12 Desemba 1970, sikukuu ya uhuru wa Kenya, ikarushwa kutoka hapo setilaiti ya kwanza ya kuchunguza miali ya eksirei kutoka kwenye nyota. Ilipewa jina la Uhuru.