Kugongwa na Gari Kisha Ukainuka: Maswali Ninayoulizwa Kila Wiki

Ninafanya kazi katika kitengo cha dharura hapa Nairobi. Wengi ninaowapokea kutoka barabarani hawakuwa ndani ya gari. Walikuwa wanatembea.

Kwa nini waenda kwa miguu ndio wanaoumia zaidi?

Kwa sababu barabara zetu zimepangiwa gari, na wengi wetu hatuna gari. Simama mtaa wa Mukuru alfajiri uwaone watu wanavyomiminika kwenda Industrial Area kwa miguu, wamebanwa kati ya mtaro, vibanda na bodaboda. Barabara ya Thika ilipopanuliwa, kazi ikaisha mwaka 2012, gari lilipata nafasi ya kukimbia. Anayelala upande huu na kununua sukuma wiki upande ule aliachiwa daraja, mara nyingi mbali na anakoshukia. Mwaka 2022 ikafunguliwa barabara ya juu ya kilomita 27, Mlolongo hadi Westlands. Mwenye miguu haruhusiwi kule juu. Huku chini bado anavuka mbio na mtoto mgongoni.

Mwendo wa gari una uzito gani?

Mkubwa. Shirika la Afya Duniani linasema gari likitoka kilomita 50 kwa saa hadi 65, hatari ya kufa kwa aliyegongwa huongezeka mara nne na nusu. Hizo kilomita 15 dereva hazihisi hata kidogo. Mwili wa mtu unazihisi.

Nimegongwa kidogo tu, nimeinuka, naongea vizuri. Lazima niende hospitali?

Ndiyo. Leo, si kesho.

Hata kama sina jeraha wala tone la damu?

Hata kama huna. Damu inayoua mara nyingi huwezi kuiona: inavujia ndani ya fuvu au tumboni. Kichwa kikigonga lami, mshipa unaweza kupasuka na damu ikajikusanya polepole. Kwa saa kadhaa mtu anatembea, anacheka, anapiga simu. Kisha ubongo unabanwa.

Kijana mmoja wa mjengo aliangushwa na kioo cha pembeni cha gari akitoka kazini jioni. Alijipangusa vumbi, dereva akampa shilingi mia tano "za dawa", wakaachana. Alikula ugali, akalala. Saa kumi alfajiri mwenzake alimsikia akikoroma kwa namna isiyo ya kawaida, akamtikisa, hakuamka. Alipofika kwetu mboni moja ya jicho ilikuwa imepanuka kuliko nyingine. Nilipomvua suruali ile noti ya mia tano ilikuwa bado mfukoni, imekunjwa mara nne.

Basi nilale kwanza, nikiamka na maumivu nije?

Hapana. Swali hili nimelijibu mara nyingi mno, na nitalijibu tena: hapana. Usilale "uone kutakavyokucha". Usinywe dawa ya maumivu ukatulia. Usiende kukandwa tumbo au shingo. Njoo upimwe. Mzee, mtu anayekunywa pombe sana na anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda wawe waangalifu zaidi, maana kwao damu inaweza kuvuja pole pole kwa siku au hata wiki kadhaa.

Nikipimwa na kurudishwa nyumbani, niangalie nini?

Usilale peke yako usiku huo. Rudi mara moja ukitapika, kichwa kikizidi kuuma, ukiongea ovyo, mkono au mguu ukilegea, ukipata degedege, damu au maji yakitoka puani au sikioni, tumbo likijaa na kukaza, au mkojo ukiwa na damu. Watu wa nyumbani wakishindwa kukuamsha, hiyo ni dharura, si usingizi mzito.

Nimemkuta mtu amelala barabarani. Nimsaidieje?

Zuieni magari kwanza. Jamani, msimnyanyue kwa mikono na miguu kama gunia na kumbana kati ya watu wawili kwenye bodaboda. Shingo ikiwa imevunjika, hapo ndipo mnampoozesha. Kama anavuja damu, bonyeza jeraha kwa kitambaa safi, usiachilie. Pigeni 999, 112, au 1199 ya Msalaba Mwekundu. Ikibidi ahamishwe, mmoja ashike kichwa na shingo visicheze, wengine wambebe akiwa amenyooka juu ya ubao.

Sina pesa. Na je, si nianzie polisi?

Anza hospitali. Katiba ya 2010, kifungu cha 43(2), inasema mtu hatanyimwa matibabu ya dharura. Nawaona wakija saa tano baada ya ajali, walikuwa kwenye foleni kituoni au wakibishana na dereva juu ya elfu mbili. Fomu ya P3, ile ya polisi ya kueleza majeraha, itajazwa baadaye. Mpe mwenzako namba ya gari akaripoti, wewe njoo.