Kipupwe cha Malindi na maneno ya watu wa bara

"Wifi, tumeambiwa Agosti huko ni baridi na bahari imechafuka. Si afadhali tungoje Disemba?"

Simu hii huipokea kila Julai, na kila Julai huijibu nimevaa dera jepesi, feni inazunguka juu yangu. Kaka yangu ameoa Machakos na makao yao ni Nairobi. Wana watoto wawili, Rehema wa miaka 5 na Juma wa miaka 2. Mimi niko Malindi, kutoka kwangu hadi ufukweni ni mwendo wa kumaliza mhogo mmoja wa kuchoma. Kwa hiyo likizo yao huishia kwangu, pamoja na maneno yote waliyoambiwa na majirani. Mengine yana chembe ya ukweli. Mengine hata sijui yalitoka wapi.

"Kipupwe kitawaua watoto kwa baridi"

Kipupwe kipo, hatukatai. Ni miezi ya Juni hadi Agosti, upepo wa kusi unapovuma na anga kujaa mawingu. Wazee wetu huvaa makoti wakienda sala ya alfajiri, na mimi mwenyewe huchemsha maji ya kuoga. Lakini hiyo ni baridi ya watu waliozoea joto. Mchana huwa nyuzi 28 hivi, usiku hushuka hadi kama 22. Mtoto aliyelala Nairobi mwezi wa Julai akija hapa anavua nguo, haongezi.

Kinachomsumbua mtoto ni upepo akitoka majini ameloa. Dawa yake ni kanga kavu, mfunge papo hapo, mpe chai ya tangawizi isiyo kali. Mvua nazo zisikutishe. Masika hushuka kwa nguvu zaidi Mei; Agosti hubaki manyunyu ya asubuhi ambayo mara nyingi yamekwisha kabla mahamri hayajapoa.

"Mawingu yakitanda, jua halichomi"

Hili lilimchoma Juma mabega. Siku ilikuwa ya kijivu, upepo mzuri, mtoto hatoki jasho wala halii. Alicheza mchangani kifua wazi tangu saa nne hadi adhana ya adhuhuri. Jioni wifi alipomgusa kumvalisha fulana, alipiga ukelele mtaa mzima ukasikia.

Malindi iko nyuzi 3 tu kusini mwa Ikweta. Hata kipupwe jua la mchana husimama karibu na utosi, na miale inayounguza ngozi hupenya mawingu mepesi. Upepo wa kusi unapoza ngozi, basi mtoto hasikii kuwa anaungua. Tena usiniambie ngozi nyeusi haiungui. Huungua, ila huchelewa kuonyesha. Na mafuta ya nazi, nayapenda kwenye nywele na kwenye maandazi, lakini si kinga ya jua. Fulana ya mikono mirefu, kofia, losheni ya kukinga jua, na kati ya saa nne na saa tisa kaeni kivulini. Mchanga wa chini ya mkanju ni mchanga vilevile, na mtoto wa miaka 2 hajui tofauti. Mtoto mchanga wa miezi mitatu minne usimtoe juani kabisa.

"Wakati wa baridi hakuna mbu"

Hapa sina mzaha. Mbu wa malaria huzaliana kwenye maji yaliyotuama, na maji hayo yameletwa na masika. Kwa hiyo malaria ya pwani haipandi mvua inaponyesha, hupanda baadaye kidogo, na miezi ya baada ya masika ndiyo hiyo mnayokuja likizo. Anayekuja Agosti akidhani amekimbia mbu, amewafuata.

Kuna na lingine: "Watoto wetu ni Wakenya, malaria wameizoea." Wameizoea wapi? Nairobi iko juu, zaidi ya mita 1,600 kutoka usawa wa bahari, na mtoto aliyekulia huko mwili wake hauijui malaria zaidi ya unavyoijua wa mtoto wa Mzungu aliyetoka London. Muulize daktari kuhusu dawa za kinga kabla ya safari, kwa sababu baadhi huanza kumezwa kabla ya kufika na kuendelea baada ya kurudi. Hapa nyumbani tunashusha neti yenye dawa mapema, kabla ya Magharibi, kwa kuwa mbu yule huuma tangu jioni hadi alfajiri.

Neti si ya kitandani kwa mama peke yake, ndugu zangu. Mwaka wa kwanza Juma alilazwa kochini "mara moja tu" wakati watu wazima wanazungumza. Alirudi Nairobi mzima wa afya. Wiki mbili baadaye homa. Kliniki moja huko ikampa dawa ya kikohozi. Wifi aliponipigia nilimuuliza swali moja: umewaambia alikuwa pwani? Hakuwa amesema. Alipopimwa damu, malaria. Dalili huchukua walau siku 7 tangu kuumwa na mbu, mara nyingi zaidi, kwa hiyo homa yoyote baada ya safari ipimwe, na neno "Malindi" litajwe mlangoni.

"Bahari ya Malindi ni tope mwaka mzima"

Wifi alilisema hili kwa kubana pua, nami nikafurahi, maana nilikuwa na jibu lake tangu aolewe.

Tope ni la mto Sabaki, unaomwaga maji baharini kaskazini mwa mji. Huo Sabaki ukiupandisha unaitwa Galana, ukizidi kuupandisha unaitwa Athi, na Athi huzoa udongo wa Nairobi, Machakos na Makueni. "Kwa hiyo wifi," nikamwambia, "hilo unaloliona ni shamba la babako." Tangu siku hiyo hasemi tena tope, anasema "udongo wetu".

Sasa, kuna jambo ambalo watu wa bara hawalijui. Mahali udongo unapokwenda hutegemea upepo. Kaskazi inapovuma, kuanzia Disemba hadi Machi, wingu la udongo husukumwa kusini, likaja kwenye ghuba ya mji, na mvua za vuli zikiwa zimetoka kuujaza mto, maji ya Disemba yanaweza kuwa rangi ya chai ya maziwa. Kusi inapovuma, udongo huelekea kaskazini, upande wa Mambrui na Ngomeni, na ifikapo Agosti mto wenyewe umepungua. Basi wanaongoja Disemba wapate maji safi huenda wakapata kinyume. Kasoro ya kusi ni mawimbi. Nje ya miamba bahari huwa imechafuka kweli, na kuna siku manahodha hawatoki.

"Ukitoa bahari, hakuna kitu cha watoto"

Gede iko kilomita kama 15 kutoka mjini. Ni mji wa Waswahili uliohamwa karne ya 17, na mwaka 2024 uliingizwa kwenye orodha ya Urithi wa Dunia ya UNESCO. Rehema hakujali hayo. Alijali kima wanaokaa juu ya kuta, hasa yule aliyemnyang'anya kashata. Hapo hapo kuna mradi wa Kipepeo, ambapo wakulima wa kando ya msitu wa Arabuko-Sokoke huleta vipepeo wangali vifukoni, na mtoto akitulia mmoja humtua mkononi. Usiku nikawasimulia twiga wa Malindi aliyefikishwa kwa mfalme wa China mwaka 1415. Rehema aliuliza swali ambalo sijaliona kwenye kitabu chochote: chomboni alikuwa anaenda wapi haja?

Chakula nacho wanasema ni pilipili tupu. Mbaazi za nazi hazina pilipili, mahamri hayana, samaki wa kupaka unaweza kuomba apunguziwe. Viazi karai ndiyo mtihani, kwa ile chatine yake.

"Bahari ni bahari, saa yoyote twende"

Kosa hili ndilo huharibu likizo nyingi. Watu hufika ufukweni saa nne asubuhi, wamebeba maboya na taulo, wakakuta maji yamekwenda zake, mwamba mtupu, wakarudi wakilalamika.

Maji hujaa na kupwa mara mbili kwa siku, na kila siku huchelewa kwa kama dakika 50. Mwenyeji hatazami saa, anatazama mwezi. Ukijua tarehe ya Kiislamu umejua maji. Karibu na mwezi mosi na mwezi kumi na tano huwa bamvua: maji hupanda na kushuka zaidi ya mita 3, na kwetu hupwa kabisa mnamo saa nne asubuhi, yakajaa mnamo saa kumi alasiri. Katikati yake, mwezi nane hivi na ishirini na mbili, ni maji mafu, hayaendi mbali wala hayaji juu sana, na kujaa kwake huangukia asubuhi.

Kwa mtoto mdogo bamvua ni neema. Asubuhi maji yakipwa, vidimbwi vya kwenye miamba hubaki na kaa, majongoo bahari na viti vya pweza, maji yakimfika magotini tu, hakuna wimbi. Mvalishe viatu vya mpira, kuna wale wadudu weusi wenye miiba mirefu. Ndani ya hifadhi ya bahari, iliyotangazwa mwaka 1968, ni kutazama tu. Kuokota kombe au matumbawe ni kosa. Alasiri maji yakirudi ndipo wanaogelea, nawe umesimama ndani ya maji pamoja nao. Boya la kupuliza ni la kuchezea, halimwokoi mtu. Na maji yakianza kutoka usimwache mtoto karibu na mlango wa miamba, mkondo hapo huvuta hata watu wazima.

Julai hii simu ililia kama kawaida. Wifi hakuuliza baridi.

"Wifi, ile wiki ya pili ya likizo mwezi utakuwa wa ngapi?"

Nikahesabu kwa vidole. "Kumi na nne, kumi na tano hapo."

"Basi ngoja nikamtafutie Juma viatu vya mpira, vya mwaka jana havimtoshi."