Moshi wa mashine ya leza ya kukatia na kuchongea: yanayoaminika karakanani na yalivyo

Dhana: Malindi kuna upepo wa bahari, dirisha wazi latosha.

Moshi ukifika dirishani umeshapita puani mwa fundi. Unakamatwa pale unapozaliwa, na hapo sentimita chache zina uzito: mdomo wa bomba la kuvutia moshi, lenye kipenyo cha milimita 100, ukikaa milimita 100 kutoka kinapochomwa kitu, kasi ya uvutaji hapo hushuka hadi kama sehemu moja ya kumi ya ile ya mdomoni. Sogeza mdomo kabla ya kununua feni kubwa. Feni nayo ikae mwisho wa bomba, nje. Ikikaa karibu na mashine, kila kiungo kilicholegea hupuliza moshi chumbani. Tundu la kutolea lisielekee baharini: kusi huvuma kutoka kusini-mashariki, kaskazi kutoka kaskazini-mashariki, na misimu yote miwili moshi utarudishwa ndani. (Wala lisielekee dirisha la jirani.)

Dhana: Chujio la HEPA linamaliza kazi.

HEPA hukamata chembe, hata za maikromita 0.3. Gesi hupita. Gesi ni kazi ya mkaa amilifu (mkaa wenye vitundu vingi vidogo vinavyonasa gesi), unaokaa baada ya HEPA. Tofauti inayowaponza wengi ni hii: HEPA ikijaa, uvutaji hupungua na fundi huona. Mkaa ukishiba hauzibi; hewa huendelea kupita vizuri, na sumu pamoja nayo. Unyevu wa pwani hufupisha umri wake, kwani mvuke wa maji hugombea nafasi zile zile, hivyo mkaa wa akiba ufungwe usiingie hewa. Na hata mkaa mpya hauzuii monoksidi ya kaboni, gesi ya sumu itokayo kwenye mbao zinazochomwa. Kwa hiyo kutoa hewa nje ni bora kuliko kuichuja na kuirudisha chumbani.

Dhana: Ukiwa na feni nzuri, plastiki yoyote yachongeka.

PVC, plastiki yenye klorini, haiwekwi kwenye leza, basi. Hutoa kloridi ya haidrojeni, ambayo ikikutana na unyevu, uwe wa mapafuni au wa reli za mashine, huwa asidi. Ngozi bandia ya mikoba mara nyingi ni PVC. Ipime nje, ukisimama upepo unakotoka: pasha waya wa shaba motoni hadi uwe mwekundu, ugusishe kwenye plastiki, urudishe motoni. Mwali ukiwa wa kijani, kirudishe kipande kwa mteja.

Dhana: Chuma hakina moshi.

Chuma kisichoshika kutu hutoa vumbi laini lenye kromu na nikeli. Usilipulize kwa kompresa. Lifute kwa kitambaa chenye maji.