Vipimo Vingi, Ushahidi Mchache: Dhana Potofu Kuhusu Takwimu za Joto la Uso wa Bahari

Dhana inayowapotosha wengi, wakiwamo wanaoijua hesabu vizuri, ni kwamba kadiri vipimo vya joto la bahari vinavyoongezeka ndivyo ushahidi unavyozidi kuwa imara. Ukweli ni kwamba maji hupoa na kupata joto polepole, kwa hiyo mwezi uliozidi wastani kwa kawaida hufuatwa na mwingine uliozidi wastani, na vipimo hivyo viwili haviwezi kuhesabiwa kuwa mashahidi wawili. Chukua wastani wa kila mwezi kwa miaka 40, yaani namba 480: ikiwa uhusiano wa mwezi mmoja na unaoufuata ni 0.9 (ambapo 0 ni kutohusiana na 1 ni kufanana kikamilifu), kanuni inayotumika sana huzidisha 480 kwa (1 − 0.9) na kugawanya kwa (1 + 0.9), na kinachobaki ni takriban vipimo 25 vinavyojitegemea. Anayepima mwelekeo wa ongezeko bila kufanya marekebisho haya hujipa uhakika ambao data haina.

Jambo hilohilo linahusu mizunguko. Mwanasayansi wa tabianchi Klaus Hasselmann alionyesha mwaka 1976 kwamba bahari, kwa kulimbikiza misukosuko ya hewa ya siku hadi siku isiyo na mpangilio, inaweza kupanda na kushuka joto kwa miaka kadhaa bila kusukumwa na mzunguko wowote. Kwa hiyo, kabla ya kutangaza kwamba kuna mzunguko wa miaka kumi au ishirini, ni lazima kuulinganisha na mabadiliko ya nasibu yenye kumbukumbu ya aina hiyo, yaani ambamo joto la mwezi mmoja hubeba athari ya mwezi uliotangulia.

Dhana nyingine ni kwamba kila ramani inayotokana na uchanganuzi wa vijenzi vikuu (njia ya hesabu inayofupisha data nyingi kuwa ruwaza chache, yaani vijenzi), ambao mtaalamu wa hali ya hewa Edward Lorenz aliuingiza katika utabiri wa hali ya hewa mwaka 1956, inaonyesha tukio halisi la baharini. Njia hii hulazimisha kila kijenzi kisihusiane na vilivyotangulia, ilhali maumbile hayafungwi na sharti hilo. Mara nyingi kijenzi cha kwanza hufunika eneo zima kwa alama moja (chanya au hasi), na cha pili huligawa pande mbili zinazopingana, hata pale ambapo fizikia haidai mgawanyiko huo. Ndiyo maana dipoli ya Bahari ya Hindi, yaani hali ambapo upande wa magharibi wa bahari hiyo huwa na joto kuliko kawaida huku wa mashariki ukiwa baridi, au kinyume chake, iliyoelezwa mwaka 1999, ilizua mjadala mrefu. Kwa maoni yangu, kinachoipa uzito zaidi ni mabadiliko ya pepo na ya joto la chini ya uso yanayoambatana nayo, kuliko ramani yenyewe.

Wapo pia wanaodhani kwamba maji yakiwa moto sana katika Pasifiki basi ni El Niño. Kinachopimwa ni tofauti kati ya joto hilo na wastani wa msimu husika, na kizingiti kinachotumiwa na Marekani ni nyuzi 0.5 za Selsiasi katika eneo la Niño 3.4, lililo katikati ya Pasifiki kwenye ikweta.

Mwisho ni tuhuma kwamba data za zamani husahihishwa ili kukuza ongezeko la joto. Ndoo za turubai zilizotumika zamani kuteka maji ya bahari melini zilipoteza joto kwa uvukizi kabla ya kipimajoto kusomwa, ilhali maji yaliyopimwa baadaye kwenye chumba cha injini yalisomeka yenye joto zaidi. Kusahihisha tofauti hiyo hupandisha joto la zamani, na hivyo ongezeko la muda mrefu hupungua.